SOMO: MGENI KATIKA JIJI KUBWA
Namna ya kulala, kula na kucheza dansi Nairobi bila majuto

Kila mwaka, malipo ya kahawa na majani chai yafikapo, watu wengi wa Meru na Embu husafiri kwenda Nairobi. Wengine huenda kwa shughuli za ofisi au hospitali, wengine kumtazama mtoto aliye chuoni, na wengine huenda kwa furaha tu, ili waone jiji, wale chakula kizuri, wasikie muziki na kulala katika kitanda wasichokitandika wenyewe. Hilo si kosa. Mtu aliyefanya kazi kwa bidii shambani ana haki ya kufurahi. Lakini furaha ya mjini ina utaratibu wake, na asiyeujua hurudi kwao akiwa na mfuko mtupu na hadithi ya aibu. Somo hili laeleza utaratibu huo.

HAPO ZAMANI

Kwanza yafaa vijana wajue kwamba baba na babu zao hawakuwa na nafasi hii. Hoteli kubwa za Nairobi ni za zamani sana: Stanley ilianza mwaka 1902, na Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904. Lakini wakati wa ukoloni hoteli hizo zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, naye aliingia kupika, kufua au kubeba mizigo. Mgeni kutoka Meru au Embu alilala kwa ndugu yake, au alipanga chumba katika nyumba za Pumwani, na dansi aliicheza katika kumbi za Pumwani na Kaloleni.

Tena wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, mambo yalizidi kuwa magumu. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi, wakawakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na wengi wakapelekwa kizuizini. Kwa watu wa makabila hayo matatu, kulala usiku mmoja mjini bila pasi kulikuwa jambo la kufungwa. Hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 1960. Kwa hiyo mtu wa Runyenjes au Nkubu aingiapo leo katika hoteli yoyote, akaandika jina lake katika kitabu cha wageni na kupewa ufunguo, na akumbuke kwamba jambo hilo dogo lilikuwa kubwa kwa wazee wake. Asilichezee.

MALAZI YATANGULIE

Embu ni mwendo wa kilomita 130 hivi kutoka Nairobi, na Meru ni zaidi ya kilomita 220 kwa barabara ya Chuka na Embu. Msafiri wa Meru aondokaye adhuhuri atafika jioni, wakati ambapo watu wote wanakimbilia magari ya kwenda nyumbani. Hiyo si saa ya kuanza kutafuta kitanda. Shika desturi hii: ondoka asubuhi na mapema, na upate chumba kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Tena fahamu maana ya maneno. Kwetu vijijini tukisema "hoteli", mara nyingi ni nyumba ya kuuza chai, chapati na maharagwe. Mjini neno hilo lina maana mbili: mahali pa kula, na mahali pa kulala. Karibu na River Road, ambako magari mengi ya kwetu yamekuwa yakishusha abiria kwa miaka mingi, zipo nyumba nyingi za wageni ambazo watu huziita lojingi. Nyingine ni safi na salama, nyingine sivyo. Usilipe kabla ya kuona chumba. Ukiwa chumbani, tazama mambo haya:

1. Je, mlango wafungika kwa ndani, na dirisha je?
2. Je, maji yapo sasa hivi, au ni ahadi tu?
3. Je, shuka ni safi?
4. Ikiwa moto utazuka usiku, utatokea wapi? Tafuta ngazi ya pili, na uhakikishe kwamba haikufungwa kwa kufuli.
5. Je, bei ni ya chumba au ya kila mtu? Chai ya asubuhi imo? Na siku ya kuondoka, chumba hutolewa saa ngapi?

Swali hili la mwisho limewagharimu wengi. Katika hoteli nyingi mgeni hutakiwa kutoka saa nne asubuhi au baadaye kidogo. Akipitiwa na usingizi mpaka alasiri, huenda akadaiwa usiku wa pili. Kwa kila malipo pokea risiti, na fedha nyingi usiziache chini ya godoro. Mwizi huanza kutafuta hapo hapo.

MEZANI

Watu wengi huogopa kuingia katika hoteli nzuri kwa sababu ya uma na kisu. Woga huo hauna msingi. Uma hushikwa kwa mkono wa kushoto na kisu kwa mkono wa kulia. Ukimaliza, viweke pamoja juu ya sahani, na mhudumu ataelewa kwamba umetosheka. Lakini ugali na nyama ya kuchoma huliwa kwa mkono hata na mawaziri, na maji ya kunawa huletwa. Si aibu kula kama ulivyolelewa. Aibu ni kumwita mhudumu kwa mluzi. Mwite "ndugu" au "dada", nawe utahudumiwa kwa heshima.

Karatasi ya bei iombwe kabla ya chakula. Isome yote, hasa maandishi madogo ya chini, kwa kuwa humo ndimo huelezwa kama bei imekwisha kutiwa kodi au bado. Kodi ya ongezeko la thamani peke yake ni asilimia 16. Mlo wa shilingi 1,000 waweza kuwa shilingi 1,160 wakati wa kulipa. Katika masoko ya nyama choma, kama vile Kenyatta na Burma, nyama huuzwa kwa kilo ikiwa mbichi. Simama uone inavyopimwa, chagua sehemu uipendayo, na ujue kwamba motoni itapungua. Usishangae kilo mbili zikirudi mezani zikiwa chache; maji na mafuta vimekwenda na moshi.

Upo pia mkahawa ujulikanao sana uitwao Carnivore, katika njia ya Langata, uliofunguliwa mwaka 1980. Hapo mgeni hulipa bei moja, naye huletewa nyama za namna nyingi kwenye mikuki mirefu. Mezani huwekwa kibendera kidogo. Maadamu kinasimama, wahudumu huendelea kukata nyama. Ukikilaza, maana yake umeshiba. Mgeni asiyejua ishara hiyo aweza kuteseka kwa adabu, akidhani ni utovu wa heshima kukataa.

DANSI

Mtu wa Meru au Embu haendi kwenye dansi kama mtoto asiyejua ngoma. Wapiga ngoma wa Chuka, wanaozibana ngoma zao ndefu katikati ya miguu, wanajulikana Kenya nzima. Katika miaka ya 1960 vijana walicheza twisti ya Daudi Kabaka. Baadaye zikaja bendi kutoka Kongo na Tanzania, na rumba ikatawala. Siku hizi wengi wa upande wetu hupenda mugithi, neno ambalo kwa Kikuyu ni gari la moshi, kwa kuwa wachezaji hushikana kwa mstari kama mabehewa.

Kanuni za ukumbi ni chache. Uliza kiingilio mlangoni, na uulize kama kina kinywaji ndani yake. Ukitaka kucheza na mwanamke, mwombe kwa adabu. Akikataa, sema asante urudi mahali pako. Kukataa kwake hakuhitaji sababu. Akikubali wimbo mmoja, hakukubali zaidi ya wimbo mmoja. Nanyi akina mama na akina dada, nendeni mkiwa wawili au watatu, na mrudi pamoja. Kabla muziki haujaanza, patana na rafiki zako juu ya saa ya kuondoka na gari la kurudia.

HATARI ILIYOMO KATIKA GLASI

Hapa msomaji na asome polepole. Ipo hila ya mjini iitwayo "mchele". Mtu humkaribia mgeni kwa urafiki, na mgeni ageukapo, dawa kali ya usingizi hutiwa katika kinywaji chake. Huamka kesho yake hana simu wala fedha. Wengine hawaamki kabisa. Basi chupa ifunguliwe mbele ya macho yako, na glasi uliyoiacha mezani ukaenda kucheza, usiirudie. Agiza nyingine. Bei ya soda si bei ya uhai.

Hatari ya pili twaijua kwetu nyumbani. Mwezi Mei mwaka 2014 watu wengi wa Embu na wilaya jirani walikufa, na wengine wakapofuka, kwa sababu ya pombe iliyotiwa methanoli. Methanoli haitofautiki na pombe ya kawaida kwa kuitazama. Ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Mnywaji huona ukungu, hutapika, naye hudhani ni ulevi tu. Akicheleweshwa kufika hospitali, huenda asiione tena sura ya mtoto wake. Kinywaji cha bei ya ajabu kisicho na muhuri kiacheni, mjini na hata kijijini.

HESABU YA SAFARI

Tuseme bwana na bibi wana shilingi 12,000 kwa usiku mbili. Hesabu hii ni mfano tu, kwa kuwa bei hubadilika:

Nauli ya kurudi nyumbani: 2,000
Malazi: 4,000
Chakula: 3,000
Dansi: 1,500
Magari ya mjini: 500
Akiba ya dharura: 1,000

Tazama kwamba nauli ya kurudi imeandikwa kwanza. Fedha hiyo itengwe siku ya kuondoka nyumbani, nayo isiguswe hata bendi ikiwa tamu namna gani. Siku hizi fedha huwekwa katika simu, na huo ni usalama mzuri. Lakini fedha usizozishika mkononi huisha bila kuonekana. Kila usiku kabla ya kulala, tazama salio.

Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari. Hawakutukataza furaha. Walitaka mtu akitoka kwake akiwa mzima arudi akiwa mzima, akiwa na jambo jema la kuwasimulia waliobaki.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini usiku mmoja wa kulala Nairobi ulikuwa jambo la hatari kwa Mmeru au Mwembu mwaka 1954?
2. Taja mambo matano ya kutazama kabla ya kulipia chumba.
3. Rafiki yako amekunywa pombe usiyoijua, naye asema haoni vizuri. Utafanya nini kwanza?
4. Ninyi nyumbani mna shilingi 9,000. Andikeni hesabu ya safari ya usiku mmoja, mkianza na nauli ya kurudi.