Gari Dogo la Plastiki: Somo la Kipimo, Kemia na Subira

Mtu aliyeunda gari dogo la plastiki akiwa kijana, akalihifadhi sandukuni kwa miaka 20 au 30, huenda akashangaa siku anapolitoa. Mwili wa gari waweza kuwa mzima, na rangi yake ingali inang'aa. Lakini pale matairi yalipogusa magurudumu, plastiki imelainika, imebonyea na kunata. Hakuna aliyelivunja, hakuna moto uliolikaribia, wala wadudu hawakuliingia. Gari limeliwa na matairi yake lenyewe.

Jambo hilo halitokani na bahati mbaya. Lina sababu yake katika kemia, na mwenye kuijua sababu hiyo aweza kulizuia kwa kipande kidogo cha karatasi ya alumini. Hali kadhalika, karibu kila hatua ya kuunda gari la mfano ina kanuni ya sayansi ndani yake. Makala hii inaeleza kanuni hizo, na kuonyesha kwa nini kazi inayodhaniwa kuwa mchezo wa watoto huwashika watu wengi maisha yao yote.

Asili ya kazi hii

Magari ya mfano yanayouzwa vipande vipande, ili mnunuzi ayaunde mwenyewe, yalienea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Huko Uingereza, kampuni ya Airfix ilitengeneza mwaka 1949 trekta dogo la Ferguson kwa ajili ya mawakala waliokuwa wakiuza matrekta ya kweli. Nchini Marekani, kampuni ya AMT, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilianza kwa kutengeneza magari madogo yaliyokwisha kuungwa, ambayo wauzaji wa magari waliyatumia kama matangazo. Mwaka 1958 kampuni hiyo ilitoa seti ambazo kila moja iliweza kuundwa kwa namna tatu: gari kama lilivyotoka kiwandani, gari lililorembwa kwa kupenda kwa mwenyewe, au gari la mashindano. Tangu hapo kijana hakuwa mnunuzi tu, bali mwenye kuamua.

Huko Japani, Tamiya wa mji wa Shizuoka ilianza mwaka 1946 ikiwa kampuni ya mbao. Baadaye iligeukia mifano ya mbao, na mwaka 1960 ikaanza kutoa ya plastiki. Katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ilinunua gari la kweli la Porsche 911 na kulifungua kipande kwa kipande, ili ipate vipimo vyake sawasawa.

Maunzi yenyewe

Vipande vya magari haya hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polistirini. Mwaka 1839 mwuza dawa wa Berlin, Eduard Simon, alipata kutoka katika utomvu wa mti kimiminiko ambacho baada ya muda kiliganda kikawa kama ute mzito. Hakujua kilichotokea. Ni Hermann Staudinger, katika miaka ya 1920, aliyeeleza kwamba vitu vya namna hii ni minyororo mirefu mno ya molekuli ndogo zilizoshikana. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1953.

Kiwandani, punje za polistirini huyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 200 za Sentigredi, kisha husukumwa kwa nguvu nyingi ndani ya kalibu ya chuma. Zikipoa, vipande hutoka vikiwa vimeshikamana na fremu, kama matunda katika tawi. Plastiki ikipoa hunywea kidogo. Kwa hiyo pale kipande kilipo kinene, uso wake huweza kubonyea. Vibonyeo hivyo huzibwa kwa puti na kusawazishwa kwa msasa laini. Tena, mafuta kutoka katika kalibu huweza kubaki juu ya vipande. Ndiyo maana mwundaji mwangalifu huviosha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, la sivyo rangi haishiki.

Polistirini hulainika inapokaribia nyuzi 100 za Sentigredi. Kwa hiyo gari la mfano lisiachwe dirishani penye jua kali, wala ndani ya gari la kweli lililofungwa vioo mchana.

Jaribio la nyumbani

Mirija mingi ya kalamu za wino zenye kupitisha mwanga imetengenezwa kwa polistirini. Chukua kipande kidogo cha mrija wa namna hiyo, pamoja na kipande cha kifuniko laini cha chupa ya maji. Vitie katika bilauri ya maji baridi, na uondoe mapovu yote yaliyoshika. Kifuniko kitaelea, kwa kuwa plastiki yake ni nyepesi kuliko maji. Polistirini itazama, kwani uzito wake ni mara 1.05 ya uzito wa maji ya ujazo ule ule. Sasa koroga chumvi humo kidogo kidogo. Maji yakizidi kuwa na chumvi huzidi kuwa mazito, na hatimaye polistirini nayo itapanda juu. Njia hii rahisi hutenganisha aina mbili za plastiki ambazo kwa macho zaweza kufanana.

Kipimo na udanganyifu wake

Magari mengi ya mfano ya Marekani huundwa kwa skeli ya 1:25, na ya Japani kwa 1:24. Maana ya 1:24 ni kwamba sentimita moja ya mfano ni sentimita 24 za gari la kweli. Tuchukue Datsun 240Z, gari la namna ile iliyoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller. Urefu wake ni kama mita 4.1. Mfano wake basi utakuwa na urefu wa sentimita 17 hivi.

Lakini urefu ukigawanywa kwa 24, eneo la uso hugawanywa kwa 24 mara 24, yaani 576. Na ujazo hugawanywa kwa 24 mara 24 mara 24, yaani 13,824. Gari lenye uzito wa kilo 1,000, lau lingepunguzwa kwa uwiano huo pamoja na maunzi yake yote, lingekuwa na gramu 72 tu.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Bati la mwili wa gari huwa na unene wa kama milimita 0.8. Katika skeli ya 1:24 unene huo ungekuwa milimita 0.03, yaani mwembamba kuliko karatasi ya daftari. Hapana kalibu iwezayo kutoa plastiki nyembamba hivyo ikabaki imara. Kwa kawaida plastiki ya mwili wa mfano hukaribia milimita moja, ambayo ni sawa na bati la milimita 24. Kwa hiyo kila gari la mfano lina udanganyifu ndani yake, na ustadi wa mwundaji ni kuuficha: hukwangua kingo za madirisha na za matao ya magurudumu kwa upande wa ndani, ili jicho lione wembamba mahali ambapo kwa kweli pana unene.

Kanuni hiyo hiyo yahusu rangi. Rangi yenye unene wa milimita 0.1 huonekana sawa juu ya gari la kweli. Juu ya mfano ni kana kwamba gari limepakwa tope la milimita 2.4, na mistari ya milango huzibwa. Basi rangi hupakwa kwa tabaka nyingi nyembamba, kila moja ikingojwa ikauke. Asiye na subira hujulikana kwa rangi yake.

Gundi isiyo gundi

Fundi seremala anapounga mbao kwa gundi, gundi hubaki katikati kama mtu wa tatu. Kiungo cha polistirini si hivyo. Kimiminiko kinachotumika ni kiyeyushi. Huingia katika nyuso mbili za plastiki, hulegeza minyororo ya molekuli, na minyororo ya upande huu huingiliana na ya upande ule. Kisha kiyeyushi hupotea hewani, na vipande viwili huwa kimoja. Kazi hii yafanana zaidi na kulehemu chuma kuliko kugundisha mbao. Ndiyo maana tone moja dogo lililotiwa ukingoni latosha, na matone mengi huyeyusha kile kilichokusudiwa kuungwa.

Sababu hiyo hiyo yaeleza kwa nini kiyeyushi hiki hakiungi ndoo ya maji iliyopasuka: plastiki ya ndoo si polistirini, wala haiyeyuki kwacho. Vioo vya madirisha navyo hubandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, kwa kuwa kiyeyushi hutia ukungu katika plastiki angavu.

Hatari iliyomo katika mvuke

Kinachoyeyusha plastiki hakimwachi salama mwenye kukivuta. Gundi nyingi za zamani zilikuwa na toluini, na baadhi bado zinayo. Mvuke wake huleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Ukivutwa mara kwa mara huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na ukivutwa kwa wingi waweza kusimamisha moyo ghafla. Katika miaka ya 1960 vijana wa Marekani walikuwa wakiivuta gundi ya mifano kwa makusudi, ili walewe, na baadhi walipoteza maisha. Mwaka 1969 kampuni ya Testor ilitia katika gundi yake mafuta ya haradali, ambayo ukali wake humchoma puani anayejaribu kuivuta.

Kwa hiyo kazi ya kuunga na kupaka rangi ifanyike penye madirisha wazi, mbali na jiko na sigara, kwani mvuke huo hushika moto. Chupa ifunikwe kila baada ya kutumiwa. Mtoto asiachwe peke yake na chupa hiyo. Siku hizi zipo pia gundi zenye limonini, mafuta yapatikanayo katika maganda ya machungwa, ambayo huyeyusha polistirini bila toluini. Hata hizo zahitaji hewa ya kutosha.

Kwa nini matairi hula magurudumu

Sasa twaweza kurudi kwenye sanduku la mwanzo. Matairi ya mifano mingi hutengenezwa kwa plastiki nyingine, iitwayo vinaili. Vinaili tupu ni ngumu. Ili iwe laini kama mpira huchanganywa na mafuta ya kulainisha. Mafuta hayo hayakufungwa na molekuli za vinaili. Hutembea polepole, na yakikuta polistirini huingia ndani yake na kuilainisha nayo. Kiyeyushi hufanya kazi hiyo kwa dakika. Mafuta ya tairi huifanya kwa miaka. Tofauti ni muda tu.

Kinga yake ni kutenganisha. Gurudumu huzungushiwa utepe mwembamba wa alumini kabla ya kuvikwa tairi, kwa maana mafuta hayapiti katika metali. Seti ambayo haijaundwa huhifadhiwa matairi yake yakiwa ndani ya mfuko wa peke yake. Rangi pekee haitoshi kuwa kinga, kwani mafuta hayo huweza kuilainisha nayo.

Kazi ya maisha

Wapo wanaoanza kuunda wakiwa na umri wa miaka kumi na kuendelea hadi uzeeni. Kazi hubadilika pamoja nao. Kijana ana macho makali na mkono mwepesi, lakini hana subira. Gari lake humalizika siku moja na alama za vidole zimebaki katika rangi. Mtu mzima hujifunza kungoja. Mzee, ambaye lenzi za macho yake zimekuwa ngumu na haziwezi tena kuona vizuri kilicho karibu, hutumia kioo cha kukuzia na taa nzuri, na hutumia miezi kwa gari moja. Pengine ni gari ambalo baba yake alilimiliki, au ambalo yeye mwenyewe hakuweza kulinunua.

Wala mafunzo haya hayamo katika seti za dukani peke yake. Mtoto wa Afrika Mashariki anayekunja waya na kukata makopo ili aunde lori, akatia usukani mrefu wa kuliongozea akiwa amesimama, hukutana na maswali yale yale: urefu upi kwa upana upi, magurudumu yapinde vipi, na kipi kishikwe na nini. Hana kalibu wala maelezo yaliyochapwa. Hupima kwa jicho. Anayeweza kuunda lori la waya likapinda kona ameshajifunza nusu ya somo hili.

Nusu iliyobaki ni kuyajua maunzi. Maunzi hayatulii baada ya kazi kwisha: hunywea, hulainika, hubadilishana mafuta gizani ndani ya sanduku. Ustadi wa mkono huliunda gari. Elimu ndiyo hulihifadhi.

Maswali ya kujipima

1. Basi lina urefu wa mita 12. Mfano wake katika skeli ya 1:24 utakuwa na urefu wa sentimita ngapi?
2. Kwa nini kiyeyushi cha polistirini hakiwezi kuunga ndoo ya maji?
3. Eleza tofauti kati ya kiungo cha gundi ya mbao na kiungo cha kiyeyushi.
4. Rafiki yako amefunika magurudumu kwa rangi nzito na anadhani yamekingwa na matairi. Utamweleza nini?
5. Taja mambo matatu ya kuzingatia kabla ya kufungua chupa ya kiyeyushi nyumbani.