Ukishuka Same: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Orodha hii ni ya mtu anayelala mlimani na kutafuta riziki bondeni: wa Mbaga, Vudee, Chome, Suji, Mamba Miamba na kwingineko Upareni ambako gari la alfajiri likikupita, siku nayo imekupita. Mji wa Same uko karibu mita 860 kutoka usawa wa bahari; kilele cha Shengena kiko mita 2,462. Kati ya namba hizo mbili kuna kona, vumbi, utelezi na magari ya kuhesabu. Uchache huo ndio unaowafanya watu wazima, wenye akili zao timamu, wapande gari ambalo wasingethubutu kumpakia mbuzi wao. Kwa hiyo kila agizo lililomo humu lina shabaha moja: jioni ukiwa stendi, uwe bado na uwezo wa kusema, "Hili sipandi."

Jua gari linalala wapi. Gari la mlimani hulala mlimani. Alfajiri linashuka, mchana linashinda mjini likingoja watu wake wamalize shughuli, alasiri linapanda. Hakuna la saa yoyote. Weka kwenye simu namba za madereva wawili, si mmoja, na uombe kiti tangu jana yake jioni. Usimpigie konda asubuhi ukiwa bado na mswaki mdomoni ukitaka akungoje; kuna wenzako ndani, wamejikunyata kwa baridi na wanakusikia.

Mwalimu au muuguzi uliyepangiwa kituo juu, usipange chumba Same ukidhani utakuwa unapanda asubuhi na kushuka jioni. Magari yote yatakuwa yanakuja usoni kwako. Utabaki na bodaboda kila siku ya kazi, na mshahara wako utageuka petroli ya mtu mwingine. Hamia juu. Baridi ipo, ndiyo. Nunua blanketi.

Anza na penye foleni: hospitali, benki, halmashauri. Dukani baadaye. Aliyeanza na kuchagua vitenge ndiye anayeonekana alasiri akikimbia na rambo mbili kuelekea stendi, na mtu anayekimbia hachagui gari.

Usipande gari lililojaa. Naona unacheka, kwa kuwa huku gari lisilojaa haliondoki. Basi tutofautishe. Kujaa kwa viti ni biashara, na kubanana kidogo tumezoea. Lakini ukichungulia mbele ukaona abiria amekaa kiti kimoja na dereva, begani kwake, goti lake likigusa gia, hilo si gari tena. Tazama na juu. Magunia ya tangawizi mbichi kwenye keria ni mzigo mzito uliokaa mahali pabaya. Kwenye kona gari huinamia upande wa bonde, na bonde halina ukingo. Watu wakiwa juu ya magunia hayo, ondoka hapo hata kama nauli umeshatoa. Idai. Asipokurudishia, ihesabu kuwa ndiyo ya bei nafuu kuliko zote ulizowahi kulipa.

Usijidanganye kwamba makosa ni ya konda peke yake. Konda anapakia kwa sababu tunapanda. Abiria wanne wakishuka kwa pamoja, magunia yanapunguzwa. Akishuka mmoja, anaitwa mjuaji na nafasi yake inazibwa kabla vumbi la viatu vyake halijatua. Kwa hiyo usishuke kimya. Mwambie mama aliye jirani yako, mwambie shemeji aliyekaa nyuma, mshuke pamoja.

Sikiliza gia wakati wa kushuka. Dereva anayeijua kazi huteremka kwa gia ileile ambayo angepandia mlima huo, injini ikinguruma na kulizuia gari, na breki anaigusa tu. Asiyeijua hukanyaga breki kona baada ya kona, na baada ya muda harufu kali ya kuungua inaingia madirishani. Ukiinusa, mwambie asimame zipoe. Usikubali jibu la "tumeshakaribia." Na ukimwona ametoa gia, gari linaserereka lenyewe eti kuokoa mafuta, paza sauti gari zima lisikie. Heshima ya kumwachia mwenye kazi kazi yake iache nyumbani.

Usimsifie dereva mwendo.

Usiisome barabara kwa anga la Same. Mji uko upande ambao milima imeukingia mvua. Mawingu kutoka Bahari ya Hindi humwaga maji yake juu na upande wa mashariki, huku stendi watu wakijipepea kwa magazeti. Wakati wa masika na vuli piga simu nyumbani kabla hujapanda, uulize udongo ukoje, si hali ya hewa ikoje. Ukiambiwa gari limekwama na watu wanasukuma, lala mjini kwa ndugu. Novemba 2009 mvua ziliporomosha mlima katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, na zaidi ya watu 20 walikufa, wengi wakiwa majumbani mwao. Ardhi ileile ndiyo iliyobeba barabara.

Bodaboda ni ya dharura na ya safari fupi. Vaa kofia hata ikiwa inanuka. Beba kitambaa cha kufunga kichwani kwanza. Usikubali mshikaki, na zaidi ya yote usikubali mshikaki wenye mtoto katikati. Kama safari yako ni ya upande wa Kisiwani na Maore, barabara hiyo inapakana na Hifadhi ya Mkomazi, na tembo hawasubiri taa kuvuka. Jua likishaanza kuzama usiipande pikipiki huko, hata dereva akikuapia kwamba anawajua tembo wenyewe.

Mjamzito aliyekaribia kujifungua ashuke mapema, akae kwa ndugu karibu na hospitali. Hapa sina mjadala na mama mkwe wa mtu.

Ijue njia ya miguu. Barabara inazunguka, njia ya wazee inakata. Januari 1945 maelfu ya wanaume wa Kipare waliteremka kwa miguu hadi Same kuikataa kodi ya mbiru, wakapiga kambi makao makuu ya wilaya kwa muda mrefu, na hawakungoja gari la mtu. Sikuambii uvunje rekodi yao. Nakuambia hivi: anayejua kwamba anaweza kupanda mpaka kijiji cha kwanza kwa miguu yake, akalala huko, hababaishwi na konda anayefoka "la mwisho hilo!" Viatu vya kutembelea viwe mfukoni. Tochi pia, siyo simu yenye chaji kidogo.

Usibebe kifurushi cha mtu usiyemjua, na cha unayemjua kifungue. Baadhi ya vijiji vya Same vinajulikana kwa mirungi, na kwa sheria ya mwaka 2015 mirungi ni dawa za kulevya. Kwenye kizuizi askari hataulizia nani alikutuma. Ataulizia nani alikuwa amekipakata.

Basi la mkoani likikushusha Same usiku wa manane, na tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku jambo hilo ni la kawaida, usikodi gari la kupanda mlima gizani. Kaa penye mwanga na watu, au lipa chumba. Kukicha utapanda.

Mkikodi Coaster kwa harusi au msiba, wekeni mjumbe mmoja asiyekunywa wala kucheza, kazi yake ni kumtazama dereva na tairi. Barabara kuu nayo inaua. Juni 28, 2025, eneo la Sabasaba hapo hapo Same, Coaster iliyokuwa imebeba watu wa harusi iligongana na basi, magari yakawaka moto, wakafa watu zaidi ya 35. Taarifa za mwanzo zilitaja tairi la basi kupasuka. Jirani yako kwenye lami humchagui. Unachoweza kuchagua ni mwendo wa gari lako na saa ya kuondoka, kwa hiyo ondokeni mapema hata bibi harusi akinuna.

Nanyi wa Dar es Salaam, mnaorudi Krismasi na IST iliyooshwa ikang'aa: usiipandishe. Itakwaruza tumbo kwenye mawe, itakwama mvua ya kwanza, na vijana watakaoisukuma watataka walipwe palepale, kwa haki kabisa. Iache mjini penye mlinzi, mpe mlinzi chake nusu sasa na nusu ukirudi, toa kila kitu kilichomo ndani, kisha panda na wenzako. Na kiti, kama nilivyosema, kiombe tangu jana yake.