Kimelea cha Kubuni na Upatanisho Wake: Somo la Utunzi wa Hadithi ya Kisayansi katika Bonde la Themi

1.0 Utangulizi

Hadithi za Kiswahili zenye msingi wa sayansi bado ni chache, na katika baadhi ya zilizopo sayansi ni chombo tu cha kumfikisha mhusika mahali ambapo siasa itajadiliwa. Ndivyo ilivyo katika Walenisi ya Katama Mkangi (1995), ambamo Dzombo husafirishwa hadi ulimwengu mwingine. Makala haya yanashughulikia swali dogo zaidi: mtunzi anayetaka kubuni kimelea kilichoundwa kwa uhandisi jeni, kwa madhumuni ya kudhibiti viumbe hatari, akibuni vipi hata msomaji asadiki? Hoja inayotetewa ni kwamba kazi hiyo huanzia katika sarufi kabla ya kufika maabara. Kimelea cha namna hiyo ni kitu na ni kiumbe kwa wakati mmoja, na Kiswahili humlazimisha mtunzi kutangaza, katika kila kitenzi, ni upande upi anaouchukua.

Mandhari ya mfano ni bonde la Themi, mto unaoteremka kutoka Mlima Meru, ukapita jijini Arusha na kuelekea tambarare za kusini, maji yake yakiingia Kikuletwa na hatimaye Pangani. Mahali hapa panamfaa mtunzi. Ngaramtoni palikuwa makao ya TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu, ambayo majukumu yake yaliingizwa katika mamlaka ya TPHPA kwa sheria ya mwaka 2020. Na Tengeru pana Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Mhusika mtafiti hahitaji kuletwa kutoka ng'ambo.

2.0 Hiki au Huyu?

Neno kimelea limetokana na kitenzi mea, kwa kauli ya kutendea melea: yaani kinachoota juu ya kingine. Kwa umbo lake ni la ngeli ya KI-VI. Hata hivyo kiroboto, kipepeo na kifaru nao wana umbo hilohilo, lakini hupatanishwa kama viumbe hai: kiroboto huyu anauma. Kimelea kimeachwa nje ya kundi hilo. Vitabu vya afya huandika kwamba vimelea vya malaria vinaingia katika ini. Mgonjwa anayetoka katika maabara ya zahanati hasemi hivyo. Husema amekutwa na wadudu wawili, nao wanamsumbua. Mtaalamu na mgonjwa wanataja jambo moja, ila wa kwanza anahesabu vitu na wa pili anahesabu viumbe.

Ichukuliwe kwamba mtafiti wa hadithini, kijana aliyesoma Tengeru, anawaeleza wazee kuhusu kimelea alichokiunda kiishi ndani ya mbu wa vidimbwi vya kando ya Themi. "Kinaingia kwa mbu jike," anasema, "kinarithiwa kupitia mayai, na hakimdhuru mtu." Mshili mmoja wa ukoo wa Kimeru anamjibu: "Mwanangu, huyo mdudu wako akishawamaliza mbu, atakula nini?" Sura hiyo haihitaji mgogoro mwingine. Anayesema ki- anaahidi kwamba alichokiunda kina mwenyewe na kinaweza kuzuiwa. Anayesema a- anakumbusha kwamba chenye uhai kina njaa. Mhariri atakayesahihisha maneno ya mzee ili yalingane na ya kijana atakuwa ameiua hadithi, tena kwa nia njema kabisa.

Upo mzigo mwingine ambao mtunzi wa Arusha hawezi kuukwepa. Katika siasa zilizofuata Azimio la Arusha la 1967, kupe lilikuwa jina la mnyonyaji. Msomaji aliyelelewa na lugha hiyo hatampokea kwa urahisi mnyonyaji anayetenda wema.

3.0 Mifano Halisi ya Kumwongoza Mtunzi

Kimelea cha aina inayotafutwa kipo tayari, nacho hakikuundwa na mtu. Mwaka 2020 watafiti wa icipe na wenzao walitangaza kugunduliwa, katika mbu aina ya Anopheles arabiensis nchini Kenya, kwa maikrosporidia MB, kiumbe chenye unasaba na kuvu. Huishi ndani ya mbu, hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto wake, na huwazuia vimelea wa malaria wasistawi humo. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba hakimuui mbu. Swali la mshili linapata jibu: kimelea hiki hula kwa sababu mwenyeji wake anaendelea kuishi. Mtunzi akikifuata, mbu wa Themi watabaki wakiuma kama kawaida, na wanakijiji watauliza faida iko wapi. Hapo pana hadithi nzuri kuliko ya maangamizi.

Mfano wa Unguja unafundisha mpaka. Kuanzia 1994 mbung'o dume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi waliachiwa kisiwani kwa ndege, zaidi ya milioni 8 kwa jumla, na mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o. Jeni ngeni hazikutumika. Dume tasa hana mtoto, hivyo kila kundi lilikufa na kazi yake. Na bahari ilizuia mbung'o wengine wasirudi. Themi haina bahari kuizunguka.

Mfano wa tatu ni wa kutisha. Watafiti wa Australia, wakitafuta njia ya kuwafanya panya wasizae, waliingiza jeni moja katika virusi vya ndui ya panya. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kwamba virusi hivyo viliua hata panya waliokuwa wamechanjwa. Waliokusudia utasa walipata mauti, na kosa halikuwa la uzembe: jeni ile ilidhoofisha kinga ya mwili kuliko ilivyotazamiwa. Mtunzi hahitaji mwanasayansi mwovu.

Mwaka 2025 matokeo ya Taasisi ya Afya Ifakara, NIMR na Imperial College London yalichapishwa katika jarida la Nature. Mbu waliobadilishwa vinasaba nchini Tanzania walizuia ukuaji wa vimelea vya malaria vilivyotoka katika damu ya watoto wenye maambukizi wa hapahapa nchini. Kazi ilifanyika ndani ya maabara iliyofungwa, na jeni iliyopandikizwa haikuweza kujisambaza bila kimeng'enya kilichowekwa katika mbu wa kundi lingine. Mpaka uliokuwa bahari kule Unguja hapa umetiwa ndani ya mbu mwenyewe.

Kijana wa Tengeru apewe mpaka wa namna hiyo, kisha hadithi iupime. Badiliko halihitaji kutangazwa na msimulizi. Inatosha kwamba baada ya mvua za masika, akiwa na darubini yake mbele ya maji yaliyotekwa mbali chini ya mto kuliko alivyopanga, kijana aseme "amefika" pale ambapo tangu sura ya kwanza angesema "kimefika".