Michoro ya Baba Iko Wapi?

Swali: Marehemu baba yangu alisomea usanifu majengo Ardhi, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Michoro yake ya chuoni naweza kuipata?

Jibu: Pole, ndugu. Anza na jina la chuo. Mwaka 1956 ilikuwa shule ya upimaji ardhi. Enzi za baba yako, Chuo cha Ardhi. 1996 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2007 Chuo Kikuu Ardhi. Kwa kawaida jalada hubaki na jina la ofisi iliyolifungua. Ukitaja jina la leo pekee, mtunza kumbukumbu anaweza kukujibu “hakuna” kwa nia njema kabisa.

Michoro ya studio ndiyo kazi kuipata. Vyuo vya fani hii hutunza zaidi mihtasari ya vikao, mitaala na ripoti za miradi ya mwisho. Kazi za darasani mara nyingi wanafunzi hurudishiwa, au hutupwa nafasi inapokwisha, jambo linaloniudhi. Kwa hiyo ulizia ripoti yake maktaba, kisha pekua makabati ya nyumbani.

Ukikuta nakala za mistari ya buluu, usizitundike ukutani, mwanga huzififisha. Zilizochapwa kwa amonia zitenge na michoro halisi ya wino, maana kemikali zake hutia madoa karatasi za jirani. Selotepu marufuku.

Faili la masomo la baba yako huko chuoni ni la siri: nenda na cheti cha kifo na uthibitisho wa undugu.