Mbwa Aliyeumia Mgongo: Tumsaidieje Nyumbani?

Tunajua wengine mtacheka. Ofisi ya huduma za jamii, yenye watoto wasio na karo na wagonjwa wasio na wa kuwapikia, leo inaandika habari za mbwa! Lakini mama mmoja tunayemtembelea hapa Bondeni ni mjane, muuza mboga, anaishi na mjukuu mdogo. Huamka saa kumi alfajiri kwenda soko la Wakulima, na mtoto hubaki amelala ndani, Simba mlangoni. Siku Simba alipogongwa na bodaboda, biashara ya mama nayo iligongwa. Kwa wiki mbili hakuweza kwenda soko mapema.

Simba alijaribu kuinuka. Mbele ikasimama, nyuma ikabaki chini kama gunia. Watu wakajaa. Vijana wakasema amalizwe kwa rungu, jirani akaleta Brufen, mwingine akamshika mkia amvute kando ya barabara. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ila hakuna aliyejua la kufanya.

Kabla hata ya kumgusa, ulizeni: nani alimwona akiumia? Mbwa aliyelegea miguu bila mtu kujua sababu anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia akiuma watu. Mwingine hupooza tu, taya likaning'inia, mate yakachuruzika, sauti ikabadilika. Huyo asiguswe, watoto waondolewe, aitwe ofisa wa mifugo. Ugonjwa huu uliripotiwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912 na bado unaua watu wetu, hasa watoto. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Simba alionekana na wengi akigongwa, na kadi yake ya chanjo ilikuwako, imefungwa kwenye nailoni pamoja na kipande cha mama.

Sasa tuangalie mgongo wenyewe. Ndani ya mifupa ya mgongo mnapita kamba laini ya neva, mfano wa waya wa stima ndani ya bomba. Ubongo hutuma habari kwa miguu, kibofu na mkia kwa njia hiyo. Mfupa ukivunjika, au ule mto ulio kati ya pingili na pingili ukichomoza, waya hubanwa. Uliobanwa unaweza kupona, lakini uliokatika hauungi tena. Ndiyo maana kumvuta mkia, au kumsimamisha "tuone kama anaweza", ni hatari. Mfupa uliolegea unaweza kumaliza kazi ambayo bodaboda haikuimaliza.

Abebwe juu ya ubao au mlango mkuukuu, mgongo ukiwa umenyooka. Watu wawili wamsogeze taratibu kwa blanketi, kisha afungwe kidogo asiruke. Hata mbwa mpole huuma akisikia uchungu, kwa hiyo funga mdomo kwa kitambaa, isipokuwa kama anatapika au anahema kwa shida.

Ile Brufen tuliikataa. Dawa za watu za maumivu, kama Brufen na diclofenac, huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo. Dawa itoke kwa daktari wa mifugo. Tangu 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, basi anzeni kuuliza katika ofisi za kaunti. Daktari atambinya kidole cha mguu kwa nguvu. Mguu kujivuta peke yake si jibu. Anachotafuta ni kama mbwa atageuka au kulia, yaani kama habari inafika kichwani. Isipofika kabisa baada ya kugongwa, matumaini ni madogo sana, na daktari anaweza kushauri sindano ya kumfanya afe bila mateso. Hilo si dhambi wala aibu. Lakini rungu la vijana ni ukatili, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inaukataza.

Simba alilia. Basi tukapewa kazi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutulia. Mbwa wa namna hii hufungiwa mahali padogo kwa wiki nne hadi sita, aweze kujigeuza lakini asikimbie wala kuruka. Fundi wa jirani alitoa mabanzi, mama akatoa wavu wa kuku, kikaingia pembeni mwa chumba. Usiku wa Nakuru ni baridi na sementi ni baridi zaidi, hivyo tulijaza gunia maranda, juu tukatandika shuka kuukuu. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa nne, la sivyo atapata vidonda vya kulalia kwenye nyonga na mabega, sawa na mgonjwa wetu wa kitandani. Shuka likilowa litolewe mara moja. Nzi hutaga mahali penye unyevu, na funza hawachelewi.

Hapa lazima tukiri kosa letu. Siku ya tatu tulikuta shuka limelowa, tukamwambia mama, "Vizuri, anakojoa." Kumbe sivyo. Kibofu kilikuwa kimejaa hadi kinamwagika chenyewe, kama debe chini ya mfereji. Daktari alipogusa tumbo alikuta kitu kigumu kama mpira wa watoto. Mbwa aliyepooza nyuma anaweza kudondosha mkojo mchana kutwa na bado kibofu kisitoke chote, halafu mkojo huoza ndani na kuleta homa. Daktari alitufundisha kukikamua: viganja viwili bapa pande zote za tumbo, mbele kidogo ya miguu ya nyuma, kubana polepole kuelekea nyuma, mara tatu au nne kwa siku. Msijifunzie hili kwa gazeti. Mwombeni daktari awashike mikono, maana kibofu kikibanwa kwa nguvu hupasuka. Mkojo wenye harufu kali au damu ni wa kumrudisha kwake.

Chakula kipunguzwe kidogo, kwa sababu hatembei na unene ni mzigo kwa mgongo. Ugali laini na supu ya omena vilitosha. Mifupa ya kuku hapana. Maji yawe karibu na mdomo.

Baada ya wiki mbili daktari aliruhusu mazoezi. Mjukuu ndiye aliyeyapenda: kukunja na kunyoosha kila mguu wa nyuma taratibu mara kumi, kama anaendesha baiskeli, asubuhi na jioni. Baadaye leso ilipitishwa chini ya tumbo, mama akiinua ncha zote mbili, Simba akikanyaga udongo. Kwenye sementi anateleza.

Wiki ya tano alitingisha mkia. Wiki ya saba alisimama mwenyewe, akaanguka, akasimama tena. Leo nyuma huenda upande kidogo, na ngazi ya mlango hapandi, kwa hiyo mama ameweka tofali mbili na ubao. Saa kumi alfajiri yuko mlangoni.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Katika ploti yenu kuna mbwa wangapi, na ni wangapi wana kadi ya chanjo? Mtoto wa jirani akiumwa usiku huu, nani ana sabuni, na nani ana nauli ya kumfikisha hospitali?