Umeyapata kwa Nani? Isnadi na Historia ya Mitaa Yetu



Sote tumesoma kwamba hadithi ina sehemu mbili: isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, na matini, yaani maneno yenyewe. Katika somo hili nataka tuitumie elimu hiyo kuhifadhi historia ya mitaa ya zamani ya Kigali. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mimi nimepanga chumba Kagugu, lakini babu yangu mzaa mama aliishi Biryogo. Kila Idi tulikwenda kumsalimu. Siku moja alituambia kwamba zamani mtu wa mtaa ule hakutoka bila kibali, na kwamba baba yake aliwahi kurudishwa njiani kwa sababu hakuwa na karatasi. Niliandika mistari mitatu kwenye simu, nikaendelea kula pilau. Sikumuuliza alikuwa na umri gani wakati huo, wala kama aliona kwa macho yake au alisimuliwa. Mwaka uliofuata alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilipotaka kuitumia habari ile katika kazi ya darasani, mwalimu aliniuliza swali moja tu: "Yeye aliyapata kwa nani?" Sikuwa na jibu. Habari ya babu ilikuwa imekuwa munqati, mlolongo uliokatika, na aliyeukata ni mimi.

Habari yenyewe si ya kupuuzwa. Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na pamoja na utawala wa Wajerumani walikuja askari, wapagazi na wafanyabiashara Waislamu waliozungumza Kiswahili. Msikiti wa Al-Fatah pale Biryogo unatajwa kuwa ulijengwa mwaka 1913. Baadaye, chini ya Wabelgiji, Waislamu walitengwa katika mtaa wao, ndiyo maana wazee bado wanasema "Camp Swahili". Lugha iliyodharauliwa kwa miaka mingi kuwa ya watu wa sokoni, mwaka 2017 Bunge liliipitisha kuwa lugha rasmi ya nchi. Haya makubwa yameandikwa. Ambayo hayajaandikwa ni yale ya nyumba kwa nyumba: nani alichimba msingi, nani alifundisha madrasa uani kwake, nani alirudishwa njiani. Hayo yamo vifuani mwa wazee, na nyumba za rukarakara zinazowakumbusha zinabomolewa moja baada ya nyingine.

Basi tufanyeje? Nimejifunza mambo manne.

Kwanza, andika mpokezi kabla ya habari. Jina lake, umri wake, alihamia mtaani lini, na je, aliona au alisikia? Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuitendea kazi. Kumuuliza mzee "umeyapata kwa nani?" si kumkosea adabu. Ukiuliza kwa upole atafurahi kumtaja aliyemfundisha.

Pili, tafuta njia ya pili. Maimamu wa hadithi walilinganisha mapokezi. Nawe linganisha maneno ya mzee na ya jirani yake, kisha na vitu: cheti cha ndoa, hati ya kiwanja, picha yenye tarehe nyuma yake. Wakitofautiana, andika kauli zote mbili. Usizichanganye ukatengeneza ya tatu.

Tatu, usichague yanayotupendeza tu. Tunapenda kusimulia kwamba katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, Waislamu wengi wa Biryogo na Nyamirambo waliwaficha majirani zao. Ni kweli, na ni fahari. Lakini walikuwepo pia waliojiita Waislamu na wakaua. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie ushahidi hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Historia iliyosafishwa haiwasaidii waliookoka.

Nne, habari ni amana. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, zima simu ukiambiwa uizime, na uiachie familia nakala.

Baada ya kosa langu niliamua kufanya mazoezi hapa ninapoishi. Kagugu haina msikiti wa mwaka 1913. Wengi wetu tunaiona kama mahali pa nyumba mpya na vyumba vya kupanga. Nilimuuliza mama mwenye nyumba wangu: kabla ya mabomba, maji mlichota wapi? Akanitajia chemchemi ya bondeni. "Nani alikuonyesha?" "Hakuna aliyenionyesha kwa maneno, mwanangu. Nilitumwa na mama yangu, nikajitwika mwenyewe." Huyo ni shahidi wa macho. Mzee wa nyumba ya jirani akasema si pale, ni upande wa pili wa barabara. Tulishuka sote watatu jioni moja. Walibishana, wakacheka, mwishowe ikaonekana zilikuwa mbili: moja ya kunywa, nyingine ya kufulia. Leo juu ya moja kuna ukuta wa nyumba ya watu. Nimeandika kauli zote mbili, majina yao na tarehe, na kila mmoja nimempa karatasi yake.

Kazi ya nyumbani ni ndogo. Kabla ya Idi ijayo, kila mmoja wetu amwendee mzee mmoja wa mtaa wake na swali moja, kisha aandike jibu pamoja na isnadi yake. Babu yangu siwezi kumuuliza tena. Wa kwako bado yupo. Mwendee wiki hii.

Wabillahi tawfiq.