SOMO: KUBADILI UKUBWA NA KUKATA PICHA YA MKUTANO INAYORUSHWA MOJA KWA MOJA

Chama kinachorusha mkutano mkuu kwa wanachama walio mbali hakina budi kutofautisha kazi mbili. Kubadili ukubwa ni kukuza au kupunguza picha nzima. Kukata ni kuondoa kingo zake. Katika programu ya OBS Studio, katibu huvuta pembe ya picha kwa kipanya, nayo hubadilika ukubwa bila kuharibu uwiano wa upana na urefu. Akishikilia kitufe cha Alt huku akivuta ukingo, picha hukatwa.

Picha ya nukta 1,920 kwa 1,080 ina nukta 2,073,600. Ikikatwa nusu ya upana na nusu ya urefu, hubaki nukta 518,400, yaani robo tu. Kuikuza tena hakurudishi zilizopotea; tarakimu za mizania ubaoni hazisomeki vema. Afadhali kamera isogezwe karibu.

Lililo zito zaidi ni haki ya mwanachama. Mikono ya wanaopinga ikiachwa nje ya picha, aliye mbali ataamini kwamba azimio limepita kwa kauli moja. Kwa hiyo wakati wa kura picha irushwe nzima.

Swali la majadiliano: Katika chama chenu, ni nani anayeamua kipi kikatwe?